Kano mgongoni mwa upinde wa Ishi

Upinde wa kuwindia wa Ishi ulikuwa na urefu wa mita moja na sentimita chache. Akiuvuta, upote ulirudi nyuma karibu sentimita 65. Fundi wa pinde za mti mtupu akizisikia namba hizo ataingiwa na hofu, kwa sababu mti usio na kitu mgongoni huwa hatarini pale mvuto unapofika nusu ya urefu wake. Upinde huu ulivuka nusu na ukaendelea kuua kulungu. Uliokolewa na kano za kulungu haohao, zilizobandikwa mgongoni kwa gundi.

Ishi alikuwa mtu wa mwisho wa Wayahi, ambao walowezi waliwaua na kuwatawanya katika mabonde ya chini ya Mlima Lassen, kaskazini mwa California. Alijitokeza Oroville mwezi Agosti 1911, kisha akaishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, hadi kifua kikuu kilipomwua Machi 1916. Daktari wa upasuaji Saxton Pope alijifunza upinde kwake na mwaka 1918 akachapisha maelezo ya hatua zake zote. Tunachokijua hapa ni ualimu wa Ishi.

Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaolielekea windo, hutanuka; tumbo, upande wa mvutaji, hubanwa. Nyuzi za mti hukatika zikitanuka takribani asilimia moja, lakini ukano huvumilia mara kadhaa ya hapo. Ishi alichonga mti wa milimani wa jamii ya mtarakwa. Mti huo huvumilia sana kubanwa, ila mgongo wake huchanika mapema. Kano zikabeba mtanuko, mti ukabaki na mbano.

Kwanza aliukwaruza mgongo ili gundi ishike. Gundi yenyewe aliipata kwa kuchemsha ngozi ya samaki salmoni. Kisha alichukua kano ndefu za miguu ya kulungu, akazitafuna mpaka zikachambuka nyuzinyuzi. Mafundi wengi wa leo huziponda zikiwa kavu, wakaziloweka. Mimi naona kutafuna kuna akili kubwa: meno huhisi palipobaki pagumu, na ute hulainisha kwa joto la mwili tu. Maji ya moto huukunja ukano na kuuharibu papo hapo.

Nyuzi alizilaza kwa urefu wa upinde, ncha za hizi zikipita juu ya ncha za zile, kama matofali yanavyopishana ukutani, pasiwe na mstari mmoja wa udhaifu. Kwenye ncha za upinde alizizungusha mti mzima. Halafu akaufunga mgongo wote kwa vipande virefu vya gome, akaacha ukauke siku kadhaa, ndipo akafungua, akapaka gundi tena na kusugua kwa jiwe la mchanga.

Kukauka huko ndiko kiini cha kazi, nako hupuuzwa mno. Ukano na gundi ya ngozi vyote ni kolajeni, kwa hiyo vikikauka pamoja hushikana vikawa tabaka moja. Tena husinyaa, vikauvuta mti kuelekea mgongoni, na upinde ukapata nguvu kabla haujafungwa upote. Anayeharakisha na kuuvuta ukiwa bado na unyevu ndani hubandua kazi yake mwenyewe.

Gharama zipo. Kwa ujazo uleule, ukano una uzito zaidi ya mara mbili ya mti ule, kwa hiyo kwenye upinde mrefu huzifanya ncha zirudi polepole. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wenye pinde ndefu za mti mtupu, hutumia kano kwa upote na mgongo huuacha hivyohivyo. Urefu umeshaugawanya mtanuko, na kuongeza kano kungekuwa kuongeza mzigo.

Gharama ya pili ni maji. Gundi ya ngozi hulegea kwa unyevu, na Ishi hakuupaka upinde wake mafuta. Kinga yake ilikuwa ala iliyoshonwa kwa ngozi ya mkia wa puma.