Mkono Unaotafuta Kijiwe

Kabla ya kumpaka mgonjwa jeli tumboni, mtaalamu mzuri wa altrasaundi huuliza maswali mawili. "Umekula au kunywa nini tangu jana usiku?" Halafu: "Kwenu kuna aliyewahi kupasuliwa kwa sababu ya mawe kwenye nyongo?" Wagonjwa hulijibu la kwanza upesi, la pili wakalipita juu juu. Kwangu mimi, yote mawili ni sehemu ya ufundi ule ule.

Kifuko cha nyongo kimejibanza chini ya ini, upande wa kulia. Mtu akikaa saa 6 hadi 8 bila kula, kifuko hujaa na kutanuka. Nyongo ni majimaji, na majimaji huonekana meusi kwenye skrini, kwa hiyo chochote kilichomo ndani hujitokeza. Kikombe cha chai ya maziwa kinatosha kukifanya kinywee. Ikiwa hali si ya dharura, mtaalamu makini atamwambia mgonjwa huyo arudi kesho na tumbo tupu, na hilo linahitaji ujasiri pale ambapo mgonjwa amepanda mabasi mawili kufika.

"Mama, vuta pumzi, ishike hapo hapo." Mama anaitikia, ini linashuka, kifuko kinachomoza chini ya mbavu. Kifaa kilicho mkononi kinatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Yakigonga kijiwe, mengine hurudi na mengine humezwa: kijiwe kinang'aa, na nyuma yake kinaanguka kivuli cheusi kilichonyooka.

Mwenye haraka angeandika majibu papo hapo. Fundi ninayemsifu haridhiki. Anajua kwamba utumbo uko jirani kabisa, na gesi yake nayo hung'aa na kutupa kivuli, ingawa kivuli chake kina ukungu. Basi anakiinamisha kifaa kidogo, anakizungusha, anakitazama kifuko kwa urefu kisha kwa upana. Anarekebisha mashine ili mawimbi yakutane pale pale kilipo kijiwe, kwa maana kijiwe cha milimita 2 au 3 hupoteza kivuli chake kwa urahisi sana. Anapekua shingo ya kifuko, mahali ambapo kijiwe kikinasa ndipo maumivu huanza.

"Sasa geuka mama, lalia ubavu wa kushoto." Hapo ndipo napenda kutazama. Kijiwe kinabingirika kama gololi ndani ya chupa. Kinyama kilichoota ukutani kingebaki palepale. Tope la nyongo lingeteremka taratibu, bila kivuli. Kisha anapima unene wa ukuta, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3, na upana wa mfereji wa nyongo. Mwisho anakandamiza kifaa juu ya kifuko chenyewe, na macho yake yanaiacha skrini na kuhamia usoni mwa mama. Mama akikunja uso pale tu, na si pembeni, hiyo ni dalili ya kifuko kilichovimba.

Kwa mikono ya namna hii, kipimo hugundua zaidi ya 95 kati ya watu 100 wenye mawe ndani ya kifuko. Eksirei ya kawaida huyaona machache tu, kwa kuwa mengi hayana kalisi ya kutosha. Jiwe lililokwisha kuporomokea kwenye mfereji ni habari nyingine: gesi ya utumbo mara nyingi hulificha, na fundi mwaminifu huandika wazi kwamba sehemu hiyo haikuonekana.

Na swali la ukoo? Mwaka 2005 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jozi zaidi ya 43,000 za mapacha, wakakadiria kwamba urithi unachangia takriban asilimia 25 ya ugonjwa wa mawe ya nyongo. Mwaka 2007 jeni ya ABCG8, inayohusika na kusukuma kolesteroli kutoka kwenye ini kwenda kwenye nyongo, ikahusishwa na mawe hayo. Huku kwetu Afrika Mashariki kuna urithi mwingine mzito zaidi, sikoseli. Chembe nyekundu za damu huvunjika kabla ya wakati wake, rangi yake ya bilirubini huishia kwenye nyongo, na mawe huweza kujijenga hata kwa mtoto. Anayejua kwamba mgonjwa wake ana ugonjwa huo atakaa na kile kifuko dakika kadhaa zaidi. Jibu la ukoo halithibitishi jiwe. Humwongezea fundi subira ya kulitafuta.

Naumia nikifikiria wangapi wamemeza dawa za vidonda vya tumbo miaka nenda rudi, kumbe maumivu yao yalikuwa yanapanda hadi chini ya bega la kulia, hasa baada ya mlo wa mafuta, kama yafanyavyo maumivu ya mawe ya nyongo.

Ukipangiwa kipimo hiki, zungumza kwanza na mama, baba, shangazi. Uliza lile kovu la tumboni lilitokana na nini, na kama kuna mwenye sikoseli. Mweleze mtaalamu kabla hajaanza. Na akikuta mawe yasiyokuuma, usikimbilie kisu: wengi wenye mawe ya aina hiyo huishi nayo bila kusumbuliwa. Peleka majibu kwa daktari, mshauriane.