Matamasha ya Makabila na Simulizi ya Mgeni: Uhakiki wa Maonyesho ya Sandoa na Ukanda wa Lualaba

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kulitazama tamasha la utamaduni kama ghala. Ngoma, nyimbo, mavazi na ala huhesabiwa, kila kimoja chini ya jina la kabila lake, kisha hutolewa kauli kwamba jamii inayohusika ina hazina kubwa. Tangu Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipochapisha *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* mwaka 1976, imekwisha kukubaliwa kwamba sanaa ya aina hii haikamiliki bila tendo, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Lakini tamasha linapohusisha makabila mengi, nadharia hiyo huwekwa kando. Mhakiki huacha kuuliza nani anamwambia nani nini, akabaki kuorodhesha.

Sandoa ni mahali panapofaa kuonyesha hasara ya mtindo huo. Ni mji mdogo kando ya mto Lulua, makao makuu ya teritware yenye jina hilohilo katika jimbo la Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa mara nne. Kaskazini iko Kapanga, penye Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Magharibi ni mpaka wa Angola, na safari ndefu kuelekea kusini-mashariki humfikisha msafiri Kolwezi, mji wa shaba na kobalti ulioanzishwa mwaka 1937. Walunda na Wacokwe wameishi hapo bega kwa bega kwa vizazi vingi, nyakati nyingine kwa amani na nyakati nyingine kwa damu. Katika miaka ya 1880 majeshi ya Wacokwe yaliiteka Musumba yenyewe. Mwaka 1960 chama cha Wacokwe, ATCAR, kiliungana na Balubakat na Fedeka dhidi ya Conakat ya Moïse Tshombe, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Walunda. Ngoma za pande hizi mbili zinapowekwa katika uwanja mmoja, hapana ngoma isiyo na kumbukumbu.

Utaratibu wa maonyesho ya hadhara unafahamika kote Kongo, iwe ni sikukuu ya Juni 30, mapokezi ya gavana, au kutawazwa kwa chifu. Vikundi hupangwa kwa majina ya makabila, kila kimoja hupewa dakika chache mbele ya banda la wageni rasmi, na mshereheshaji hutangaza majina. Utaratibu huu haukutoka kijijini. Mizizi yake ni gwaride la kikoloni, na ulikomazwa na utawala wa Mobutu baada ya siasa ya kurudia asili kutangazwa mwaka 1971, wakati vikundi vya animasio vilipoundwa katika ofisi, viwanda na shule, vikachukua midundo ya wazee na kuijaza sifa za kiongozi. Chama cha Mobutu kimetoweka. Banda la wageni limebaki, na ngoma bado huchezwa kulielekea.

Kuhusu kalenda, jambo moja tu lahitaji kusemwa. Mwaka wa sherehe katika nchi hii hufuata mvua kuliko tarakimu. Mukanda, yaani jando la Wacokwe, Waluvale, Wandembu na jirani zao, kwa kawaida hufanyika wakati wa kiangazi. Wali hukaa kumbini, na akishi, mizimu iliyofufuka, hutoka kuwalinda. Cikunza, mwenye kofia ndefu iliyochongoka, ndiye mkuu wa kumbi. Wanawake na wasiotahiriwa hawapaswi kusema kwamba ndani yake mna mtu. Jando likiisha, kumbi huchomwa moto, na vinyago vya magome na utomvu huteketea pamoja nayo. Akishi anayetokea kwenye sikukuu ya serikali, bila kumbi nyuma yake na bila mwali wa kulindwa, ni herufi iliyong'olewa katika neno.

Hata hivyo, malalamiko ya kawaida kwamba jukwaa na fedha vimekiharibu kinyago hayana uzito mkubwa. Pwo, kinyago cha mama wa ukoo, na Cihongo, kinyago cha enzi na utajiri, vilikwisha kuzungushwa vijiji kwa vijiji zamani, na wachezaji wake walilipwa zawadi. Mchezaji wa Pwo, ambaye ni mwanamume, alikifungia kinyago chake namna ya ndoa kwa kumpa mchongaji mahari, na alipokufa kiliweza kuzikwa naye. Huyo alikuwa msanii wa safari na wa malipo, na hakuna aliyemwita msaliti wa mila. Kinachopotea katika tamasha ni majibu, yaani ile nafasi ya kundi moja kusikia lililosemwa na jingine na kulijibu.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi katika simulizi ya Ruweej, ambayo ni uti wa mgongo wa fasihi simulizi ya eneo zima. Masimulizi yanatofautiana, lakini kiini chake kinajulikana. Mzee Nkond alikuwa akisuka mkeka, na chungu cha maji ya kulowanisha ukindu kilikuwa kando yake. Wanawe wa kiume, Cinguud na Cinyam, walikuja wamelewa, wakadhani maji yale ni pombe anayowanyima, wakampiga. Binti yake Ruweej alimtunza, na kabla ya kufa mzee alimkabidhi yeye rukan, bangili ya utawala. Kisha akaja mwindaji mgeni kutoka kwa Waluba, Cibinda Ilunga. Ruweej akaolewa naye, na alipotengwa kwa desturi ya siku zake akamwachia mumewe bangili. Ndugu zake hawakukubali kutawaliwa na mgeni; wakaondoka, na kwao hudaiwa kutoka watawala wengi wa magharibi na kusini, wakiwemo wa Wacokwe.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya ukweli wa mambo hayo. Joseph Miller, katika kitabu chake cha 1976, aliyachukulia majina hayo kuwa vyeo vinavyorithiwa zaidi ya kuwa watu, na undugu wao kuwa lugha ya siasa. Ian Cunnison alikwisha kuonyesha kabla yake, kwa Walunda wa Luapula, jinsi mrithi anavyochukua cheo pamoja na jamaa wa cheo, hata chifu wa leo akamwita mwenzake kaka kwa sababu ya undugu wa vizazi vingi vilivyopita. Kwa mhakiki wa fasihi jambo hili ni la maana zaidi kuliko tarehe. Simulizi ya Ruweej ni mkataba uliosemwa kwa maneno ya kifamilia, na kila upande una haki ya kuusoma. Mlunda husikia asili ya enzi halali. Mcokwe husikia ndugu waliodhulumiwa kwa ajili ya mgeni, na papo hapo humpenda mgeni huyohuyo kama shujaa wa uwindaji. Wachongaji wa Kicokwe wa karne ya 19 walimchonga kwa ustadi ambao leo hutazamwa katika majumba ya makumbusho ya Berlin na Fort Worth. Basi pande mbili zinagombana juu ya bangili, na zote mbili zinajivunia mtu asiyekuwa wa upande wowote.

Hilo ndilo tamasha la makabila lisiloweza kulionyesha. Katika foleni ya vikundi, simulizi huwa mali ya kundi moja: Walunda hucheza enzi, Wacokwe huleta vinyago, Waluba husubiri zamu yao. Mgeni aliye katikati ya hadithi hupotea, kwa maana hana kikundi cha kumwakilisha. Na si upotevu wa kitaaluma tu. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zilikaa majuma kwa majuma kwenye vituo vya reli zikingoja treni. Yafaa kukiri kwamba Waluba wa Kasai si Waluba wa Cibinda, na hadithi haizuii panga. Lakini nchi ambayo ufalme wake mkuu husimuliwa kuwa ulianzia kwa mwindaji mgeni aliyekaribishwa ina hoja ya kujibu siasa ya mwenyeji na mgeni kwa maneno yake yenyewe, na hoja hiyo hukatwa kila mara majina ya makabila yanaposomwa kwa mpangilio.

Wafanyakazi wa migodi walikwisha kugundua njia nyingine bila kuamriwa na mtu. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuchunguzwa na Terence Ranger katika kitabu cha 1975, ilifika hadi Elisabethville pamoja na vyeo vyake vya mzaha. Ng'ambo ya mpaka, mjini Luanshya, J. Clyde Mitchell aliitazama kalela na kuiandikia mwaka 1956. Wachezaji wengi walikuwa Wabisa, wamevaa nadhifu kizungu, wakiwa na "mfalme", "daktari" na "muuguzi" wao. Waliimba sifa za kwao, kisha wakawageukia makabila mengine kwa dhihaka, nao watazamaji waliodhihakiwa walikuwa hapohapo wakicheka. Mitchell aliihusisha dhihaka hiyo na utani wa makabila, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Kalela ilitaja makabila kuliko gwaride lolote, ila iliyataja kwa kuyasemesha. Kipimo cha tamasha la Lualaba kingepaswa kuwa hicho, badala ya wingi wa vikundi au usafi wa mavazi.

Mtu wa Sandoa akivuka kwenda Zambia wakati wa kiangazi hukuta somo jingine, lisilo la kufurahisha sana. Mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza mutomboko kwa upanga na shoka, akikumbusha safari ya Walunda kutoka Musumba mbele ya watu ambao wengi wao leo husema Kibemba. Mwezi Agosti Waluvale hukusanyika Mize kwa Likumbi Lya Mize, na makishi hutoka. Wilayani Zambezi, ambako Walunda na Waluvale wamegombania ardhi na uchifu tangu enzi ya Uingereza, kila upande una sherehe yake ya mwaka, na mahudhurio huweza kusomwa kama madai. Unesco iliyatangaza makishi kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuyaingiza katika orodha yake mwaka 2008, kwa jina la Zambia peke yake. Kinyago kilekile kinachocheza Angola na Kongo kiliandikwa kana kwamba kinahitaji pasipoti.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa idara za Kiswahili lingetangulia yote. Kiswahili cha Katanga kilikua pamoja na migodi. Johannes Fabian ameeleza katika kazi yake ya 1986 jinsi kilivyoingia katika utawala na kazi. Katika uwanja wa Sandoa ndicho lugha isiyomilikiwa na kikundi chochote, na ndiyo sababu mshereheshaji huitumia kuwasalimu "bamama na bapapa". Anaweza kufanya mengi nayo. Angeweza kufasiri wimbo wa Kicokwe kwa Mlunda, akasimulia kisa cha mkeka na chungu cha maji kwa pande zote mbili, akamwachia mtani nafasi ya kujibu. Mara nyingi hutaja jina la kabila, husema kwamba sasa watacheza ngoma yao, na hunyamaza. Pwo huingia, hutupa neno lake la mzaha kwa Kicokwe. Nusu ya uwanja huangua kicheko, nusu nyingine hutazama miguu yake.