Kondoo Aliyefungwa Miguu

Mwaka 1972, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, mkufunzi wetu wa sanaa alitutaka tunakili orodha hii kutoka ubaoni: kondoo ni Kristo, njiwa ni Roho Mtakatifu, nyoka ni Ibilisi, samaki ni alama ya Wakristo wa kwanza. Niliikariri, nikafaulu mtihani, na baadaye nikawakaririsha wanafunzi wangu. Msomaji na aniruhusu nieleze jinsi orodha ile ilivyonipofusha.

Mchoro ninaouzungumzia ni wa Francisco de Zurbarán, Mhispania, alioupaka rangi kati ya mwaka 1635 na 1640. Sasa umo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Si mkubwa: kimo chake hakifiki sentimita 40, na upana wake ni kama 62. Humo hamna malaika, hamna msalaba, hamna mtu. Kuna kondoo dume mchanga mwenye pembe zilizoanza kujikunja, amelazwa juu ya meza ya kijivu, miguu yake minne imekutanishwa na kufungwa kamba. Nyuma yake ni giza tupu. Manyoya yamechorwa kwa subira kubwa, hata mkono unatamani kuyagusa. Yu hai, ila ametulia, macho ameyainamisha.

Zurbarán alimchora kondoo huyu zaidi ya mara moja. Katika mchoro ulioko San Diego, Marekani, alimwekea duara la nuru kichwani pamoja na maneno ya Kilatini, ili asiwepo wa kukosea maana. Nathubutu kusema kwamba ule wa Prado, usio na nuru wala maneno, una nguvu zaidi. Wapo watakaosema kuwa bila nuru huyu ni kitoweo tu kinachosubiri kisu. Naam, ndivyo alivyo, na hapo ndipo penye uzito: mtazamaji hana budi kuamua mwenyewe anamtazama nani.

Ulinganishe na ule wa ndugu Hubert na Jan van Eyck, uliokamilika mwaka 1432, ulioko katika kanisa la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, Ubelgiji. Kule kondoo amesimama juu ya altare, damu yake inatiririka ndani ya kikombe, malaika wamemzunguka. Wataalamu walipoondoa rangi zilizoongezwa juu yake katika karne ya 16, kazi iliyoonekana na watu mwaka 2019, ulijitokeza uso wa awali wenye macho yanayokukabili kama ya binadamu. Wengi walicheka. Mimi sikucheka. Yule ni kondoo mshindi, ajuaye yeye ni nani. Wa Zurbarán hajui. Ni mnyama, na mateso yake ni ya mnyama.

Sasa niungame. Mwaka 1983 nilibandika darasani nakala ya mchoro wa Zurbarán niliyoikata kutoka kalenda kuukuu, nikawauliza wanafunzi maana yake. Karibu wote waliandika: Kristo. Mmoja, mtoto wa wafugaji, aliandika kwamba kondoo huyu bado mzima. Kwamba angekuwa mbuzi angepiga kelele, lakini kondoo akifungwa hunyamaza. Nilimpa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Soma swali."

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nabii Isaya alianzia palepale alipoanzia mtoto yule, kwenye ukimya wa kondoo. Ukimya huo ulijulikana zizini kabla haujafika kanisani. Alama haikushushwa juu ya mnyama kama kofia. Ilitoka kwake, kwa watu waliomchunga, wakamfunga, wakamchinja, wakaona kwamba hakulia. Zurbarán alilijua hilo, ndiyo maana alishughulika na manyoya na kamba, akaiacha nuru. Mwanafunzi wangu alilijua pia. Asiyelijua ni mwalimu.

Mtoto yule alimaliza shule na sikuwahi kumrudishia alama zake. Kwa walimu wanaoshika chaki leo, naomba jambo moja: mkiwaonyesha watoto mnyama katika mchoro, msianze kwa kuuliza ana maana gani. Waulizeni kwanza wanaona nini, kisha msikilize majibu yao hadi mwisho.