Rosa mbele ya watu

Bur Dubai.

Mwezi uliopita tulikisoma upya kitabu cha Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda. Wengi wetu tulikisoma kwa kificho ujanani, tukizitafuta kurasa zile zile ambazo wakubwa hawakutaka tuzione. Safari hii nakala moja imepita mkono kwa mkono kutoka Karama mpaka Meena Bazaar, na tumegombana.

Ugomvi haukuwa wa kitabu peke yake. Katika kikundi chetu cha sala kuna dada aliyepata ujauzito nje ya ndoa, na baadhi ya wazee walitaka asimame mbele ya watu aungame, kama tulivyozoea nyumbani. Waliolelewa katika sharika za Kilutheri na Kimoraviani wanaukumbuka utaratibu: mkosaji anatengwa, haisogelei Meza ya Bwana, kisha Jumapili moja anaitwa mbele, anatubu, anarudishwa kundini. Aliyeitwa mara nyingi alikuwa msichana, kwa kuwa tumbo lilikwisha kumtangaza. Aliyempa mimba pengine alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi.

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anaanzia nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi, anayempiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti hakufundishwa kujilinda, alifundishwa kuogopa. Na alipokuwa mbali na macho ya baba, woga ukaisha na hakubaki na kitu kingine. Anaharibikiwa, anatoa mimba, kisha anajirekebisha kweli kweli. Hapa ndipo kitabu kinapouma. Mchumba anamwacha kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Dhambi zake hazikumuua alipokuwa anazitenda. Alikufa baada ya kuziacha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpokea alivyo sasa.

Waliotetea kusimamishwa walitukumbusha kwamba Paulo aliwaagiza Wakorintho wamtoe mkosaji kati yao. Ni kweli. Lakini katika barua ya pili (wataalamu wanabishana kama anamsema mtu yule yule) anawaambia kwamba adhabu imetosha, wamsamehe na kumfariji asije akazama katika huzuni. Rosa hakuipata barua ya pili.

Kuhusu sura ya mwisho hatukuelewana kabisa. Rosa na Zakaria wako mbele ya Mungu, wanashtakiana. Wengine wanaona mwandishi ameiacha riwaya na kupanda mimbari, na tunakubali kwamba mazungumzo yale ni makavu. Hata hivyo tusingependa yafutwe. Duniani Zakaria haitwi mbele ya yeyote kumjibia binti yake. Ilibidi mwandishi ajenge mahakama mbinguni ili baba naye aulizwe.

Tena hapa si Ukerewe. Hadi Januari 2022, sheria mpya ya adhabu ilipoanza kutumika, uhusiano wa nje ya ndoa ulikuwa kosa la jinai katika nchi hii, na wapo wanawake waliofungwa kwa ushahidi wa mimba. Sheria ya sasa inasubiri mume au mlezi alalamike. Mtu anayetangaza habari za dada mbele ya watu sitini wenye simu mkononi ajiulize zitafika wapi kabla ya jioni.

Katika kikao mama mmoja aliuliza: na mwanamume naye atasimama? Wazee wakaangaliana, kisha wakaomba tufunge kwa sala.

Dada hakusimamishwa. Lakini hajaonekana kikundini, wiki ya tatu sasa. Nakala ya kitabu iko kwake, na hatujamtuma mtu kuidai.