Spider-Man wa Vipindi 26: Ufundi Uliokatizwa na Mkataba

Anayetaka kujua kama katuni ya mapigano imechorwa vizuri, aitazame bila sauti. Pale Bandari ya Bujumbura hana haja hata ya kubonyeza kitufe. Kwenye vibanda vya chakula vya nje ya lango, madereva wa malori wakisubiri karatasi zao na mabaharia wa Kigoma na Kalemie wakinywa chai, sauti ya televisheni humezwa na honi, jenereta na kelele za wapakuaji. Ikisikika, ni Kifaransa au Kiingereza, na walioketi pale wanaongea Kirundi na Kiswahili. Filamu za watu zina dawa yake: kuna watafsiri wa kina Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda, ambao huzungumza juu ya picha mpaka filamu inakuwa yao. Sijakutana na yeyote aliyeichukua katuni ya The Spectacular Spider-Man akaitia maneno yake. Mtazamaji wa bandarini anabaki na picha peke yake, na picha inamtosha.

Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani Machi 2008 ikaisha Novemba 2009. Ina misimu miwili ya vipindi 13 kila mmoja, halafu ikasimamishwa. Walioiongoza ni Greg Weisman, aliyekuwa ameshajulikana kwa katuni ya Gargoyles, na Victor Cook. Mimi ni shabiki na sitajificha: katika katuni zote za mashujaa nilizoziona, hakuna iliyotumia vipindi vichache namna ile kwa akili nyingi namna ile. Shabiki lakini anadaiwa kueleza sababu, na sababu zangu ni za ufundi.

Tuanze na mstari wa penseli. Maumbo ya wahusika yalibuniwa na Sean Galloway, na picha za kwanza zilipotoka mashabiki wengi walinung'unika kwamba ni za kitoto: macho makubwa, videvu vilivyochongoka, nguo zisizo na mikunjo. Walikuwa wanatazama picha iliyosimama. Katuni ni hesabu ya picha zinazosogea. Sekunde moja ina picha 24, na kwa kawaida kila mchoro mmoja hushika nafasi mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 21 kingehitaji zaidi ya michoro 15,000 kama kila kitu kingesogea muda wote. Hakuna bajeti ya televisheni inayobeba mzigo huo, kwa hiyo kila mzalishaji lazima achague akate wapi. Wapo wanaokata mwendo: shujaa anasimama, mdomo tu ndio unaocheza, na misuli yake imechorwa kila mshipa. Cook na Galloway walikata mistari. Mhusika mwenye mistari michache huchorwa haraka, na muda uliookolewa ukarudishwa kwenye mwendo. Ndiyo maana Spider-Man wao akiruka kutoka ghorofa hadi ghorofa mwili wote unajipinda, bega linatangulia, goti linafuata, na uzito wake unauona anapokamata utando.

Faida ya pili ya uchache huo ndiyo inayofanya kazi kibandani. Ukimpaka kila mhusika rangi nyeusi tupu kuanzia kichwani hadi miguuni, bado utamtambua. Doctor Octopus ana mikono yake minne ya chuma, Rhino ni ukuta wenye pembe, Vulture ni mabawa na shingo. Mtu aliyeketi nyuma, mbele yake vichwa vya watu na kioo kikimetameta kwa jua la ziwani, anajua nani kampiga nani.

Kipindi kinachoonyesha jambo hili kuliko vyote ni cha 23. Ni usiku wa sikukuu ya wapendanao, na wakubwa watatu wa uhalifu wa New York wamekubali kukutana kwenye jumba la opera: Tombstone, mzee Silvermane na Doctor Octopus. Makubaliano yanavunjika, ngumi zinaanza. Waongozaji wangeweza kuweka muziki wa kawaida wa mapigano, ngoma na gitaa. Wao waliuacha uimbaji wa jukwaani uendelee, na pambano likakatwa kwa kufuata wimbo. Sauti ya mwimbaji ikipanda, mtu anarushwa. Ikishuka, kamera inatulia kwenye uso. Maneno karibu hakuna. Pambano la pande nne, Spider-Man akiwa wa nne, ni mtihani mgumu kwa mchoraji, kwa sababu mtazamaji hupotea upesi. Hapa hapotei, kwani kila mmoja anapigana kwa umbo lake: Tombstone anasukuma kwa kifua, Octopus hagusi chini, Silvermane amevaa zana inayompa nguvu ambazo mwili wake wa kizee hauna.

Kuhusu Tombstone nina neno, na sitalimeza. Ni Mmarekani mweusi mwenye ualbino, mweupe wa chokaa, na weupe huo umetumiwa ili atishe. Mwandishi wa New York anaweza kuuona kama pambo tu. Lakini katuni hii ilitoka miaka ya 2008 na 2009, na miaka hiyo hiyo mkoani Ruyigi, hapa Burundi, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa ili viungo vyao viuzwe. Hadithi yenyewe imempa Tombstone akili, adabu na utulivu kuliko wahalifu wote, nami nampenda kama mhusika. Uamuzi wa kuifanya ngozi yake kuwa alama ya hatari bado unanikera, na sioni haja ya kuutetea.

Sasa tuje kwenye uandishi, ambako ndiko nguvu kubwa ilipo. Weisman alipanga vipindi kwa mafungu ya vitatu au vinne, na kila fungu majina yake yakatolewa kwenye somo moja: biolojia, uchumi, kemia, saikolojia, uhandisi, hadi tamthilia. Sio urembo. Fungu la uchumi kweli linahusu soko. Tombstone amegundua kwamba Spider-Man anamharibia biashara ndogondogo za wizi, basi anafadhili utengenezaji wa wahalifu wenye nguvu za ajabu ili wamshughulishe kijana huku biashara ikiendelea. Ghafla swali ambalo katuni zote za mashujaa hulikwepa, kwamba majitu haya yanatoka wapi kila wiki, limepata jibu la kihasibu: kuna mtu anayalipia.

Mfano wa karibu zaidi ni Flint Marko. Katika kipindi cha kwanza kabisa yumo na mwenzake O'Hirn, wezi wawili wa mtaani wanaokamatwa kirahisi, na humtazami mara mbili. Wanarudi, wanakamatwa tena. Kipindi cha tano jaribio la maabara linamgeuza Marko kuwa Sandman, mtu wa mchanga. Cha sita mwenzake anakuwa Rhino. Kufikia hapo unawajua kwa majina, unajua kwamba Marko hana ubaya mkubwa, anachotafuta ni dili moja kubwa la kumtoa. Halafu unakuja msimu wa pili, kipindi cha 18, na dili lenyewe ni meli ya mafuta. Nimeiona ile sehemu ya meli nikiwa na watu wa majini, na hao ni watazamaji wasio na huruma. Mmoja alilalamikia kila kitu kuanzia nanga mpaka mabaharia wanavyokimbia. Moto ulipoanza na Sandman akageuka kuukabili mlipuko kwa mwili wake ili waliomo waokoke, alinyamaza. Kipindi hicho peke yake ni dakika 21. Kinachompa Sandman uzito ni zile dakika nyingine zilizotawanywa kwa msimu mzima kabla yake, nusu dakika hapa, dakika mbili pale.

Uvumilivu huo huo umetumika kwa Green Goblin, mhalifu wa kinyago. Kipindi cha tisa Spider-Man anafuata dalili ya mguu unaochechemea hadi nyumbani kwa kina Osborn, na anamkuta mwenye hatia: Harry, rafiki yake. Kesi inafungwa. Kipindi cha 26, vipindi 17 baadaye, tunaambiwa ukweli kwamba ni Norman, baba mtu, na kwamba alikubali mwanawe aubebe mzigo. Ukirudi nyuma kuangalia, hakuna mahali walipokudanganya. Kila dalili ilikuwa wazi.

Mambo ya mapenzi ya shuleni sitayachambua. Yapo mengi, wakati mwingine mengi mno.

Ilikuwaje basi kazi ya namna hii ikakatwa? Watu husema haikuwa na watazamaji, na hilo halina msingi. Sony ilikuwa imepewa na Marvel, kampuni inayommiliki Spider-Man, haki ya kumtumia kwenye sinema na pia kwenye katuni za televisheni. Katika mazungumzo ya kubakiza sinema, Sony iliirudishia Marvel haki ya katuni. Tarehe 31 Agosti 2009 Disney ikatangaza kuinunua Marvel kwa dola kama bilioni 4. Hapo fundo likakaza: shujaa kwenye televisheni alikuwa wa Marvel na Disney, lakini vipindi vilivyotengenezwa, maumbo ya Galloway na hadithi ya Weisman vilibaki Sony. Mtu wa bandari analielewa hili bila mwalimu, kwa sababu kila siku anaona kontena liko upande mmoja na karatasi zake ziko kwa mwingine, na mzigo hausogei hata kama wote wawili wanautaka. Disney haikuwa na haki ya kuendeleza katuni ile, na Sony haikuwa na haki ya kutengeneza nyingine. Mwaka 2012 Disney ikaanza yake mpya, Ultimate Spider-Man.

Weisman alikuwa amepanga vipindi 65, Peter Parker, yule kijana aliye Spider-Man, amalize sekondari, kisha filamu za DVD za miaka ya chuo. Tulichopata kinaanza siku ya kufungua shule, mwezi Septemba, na hakimalizi hata mwaka mmoja wa masomo. Kinakoma Gwen, msichana anayempenda Peter, akiwa amebaki na Harry kwa huruma, na Norman, ambaye wote wanadhani amekufa, akiondoka zake kwa sura nyingine. Wengine wanauita mwisho mbovu. Mimi nauona ni mgumu na wa haki: kila mtu amelipa gharama ya uongo wake isipokuwa yule aliyedanganya zaidi. Ungekuwa bora kama ungefuatiwa na msimu wa tatu, hilo sibishi.

Mwaka 2023, katika filamu ya Spider-Man: Across the Spider-Verse, Spider-Man huyu alionekana kwa sekunde chache, kwa sauti ya Josh Keaton, yule yule aliyemwigiza kwenye katuni. Ndiyo yote aliyorudishiwa. Msomaji ukikopiwa vipindi hivi kwenye flashi, usikimbilie vya adui yake Venom kama wafanyavyo wengi. Anza na cha kwanza, usiruke hata kimoja, na uwakazie macho wale wezi wawili.