Kumpima Msoma Nyayo Wakati wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, misitu ya miombo ya Tanzania, kuanzia Ruaha mpaka Katavi, huwa mikavu na asubuhi zake huwa na baridi. Nyasi zimelala, moto umepita mahali pengi na kuacha majivu laini, na mito ya msimu imebaki mchanga mtupu. Ardhi haisomeki vizuri hivyo wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa hiyo huu ndio msimu wa kumjua nani anasoma nyayo na nani anabahatisha, maana kila anayeongoza wageni porini anaweza kunyoosha kidole na kutamka "chui".

Jina la mnyama peke yake lisikuridhishe. Akisema ni chui wala si fisi, mwambie akuonyeshe. Mbele ya vidole pasiwe na alama za kucha, kwa sababu paka wengi hutembea wamezificha, na ukingo wa nyuma wa kisigino uwe na vivimbe vitatu. Fisi huacha kucha butu, kisigino chake kimekaa upande, na miguu yake ya mbele ni mikubwa waziwazi kuliko ya nyuma. Mjuzi wa kweli atamtaja na duma bila kuulizwa, kwani duma ni paka lakini kucha zake huonekana. Aliyekariri kwamba paka hana kucha, akaishia hapo, siku moja atamwita duma mbwa mwitu. Vipimo vinasaidia kiasi: wayo wa chui mkubwa huwa kama sentimita 8 au 9, wa simba aliyekomaa hufika 12 na kupita. Lakini mchanga mkavu huporomoka ukaupanua wayo, na simba mchanga ana mguu wa kadiri ya chui. Mimi humwamini zaidi yule anayechunguza umbo kabla hajatoa rula.

Kisha mwangalie: je, anabaki amechuchumaa juu ya wayo mmoja, au ananyanyuka kuutafuta wa pili na wa tatu? Hapa ndipo wengi wanapoanguka, hata wasomi wakubwa. Mwaka 1976, huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilikuta nyayo kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Miongoni mwake kulikuwa na nyayo tano za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili, zenye umbo la ajabu, na baadaye ikatolewa hoja kwamba ni dubu aliyesimama wima. Nyayo hizo zikawekwa kando kwa miongo kadhaa. Mwaka 2019 watafiti walizifukua upya, wakazisafisha vizuri, wakazilinganisha na nyayo za dubu walio hai huko New Hampshire, Marekani. Dubu akisimama wima huyumba, miguu yake ikiachana kwa upana. Mpita njia wa Laetoli alikanyaga karibu na mstari mmoja, na mahali pamoja mguu ulivuka mbele ya mwenzake. Mwaka 2021 walitangaza kwamba alikuwa wa ukoo wa binadamu. Kilichohitajika ni kusafisha wayo hadi chini na kuusoma mwendo pamoja na umbo.

Umri wa wayo ni mtihani mgumu kuliko jina. Wakati wa kipupwe mchanga wa chini huwa bado na unyevu asubuhi, hivyo wayo mpya huonekana mweusi kuliko ardhi ya pembeni, kisha hufifia jua likipanda. Ukikuta matone ya umande yaliyodondoka majanini yametoboa vitundu ndani ya wayo, mnyama alipita kabla ya umande. Wadudu wa usiku wakiwa wamekatiza juu yake, alipita kabla yao. Msomaji makini hukanyaga mguu wake kando ya wayo ili alinganishe kingo, na hukumbuka kwamba wayo ulio kivulini huchelewa kuzeeka kuliko ulio juani. Angalia pia anaposimama: hujipanga ili wayo uwe kati yake na jua la chini, vivuli vimfunulie kila ukingo.

Tembo ndiye anayenipendeza kuliko wote kumsoma. Mguu wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma ni mrefu kidogo kama yai. Mzunguko wa wayo wa mbele ukiuzidisha mara mbili unapata kimo chake begani, kwa kukadiria. Na nyufa za nyayo zake hutofautiana baina ya tembo na tembo, kiasi kwamba askari wa wanyamapori mwenye jicho anaweza kufuata dume mmoja kati ya kundi zima.

Louis Liebenberg wa Afrika Kusini, aliyeandika mwaka 1990 kwamba usomaji wa nyayo ndio asili ya sayansi, ndiye aliyeanzisha mitihani ya wasoma nyayo, na utaratibu wake wa alama naupenda sana. Swali rahisi ukilijibu sawa unapata alama 1, ukikosea unapoteza 3. Swali gumu sana ukilipata ni 3, ukikosea unapoteza 1 tu. Ni haki kabisa: kumchanganya twiga na nyati ni kosa zito, lakini kwato za swala wa ukubwa wa kati kwenye majani makavu ya miombo humsumbua hata bingwa. Hapo, kati ya anayetaja jina papo hapo na anayesema, "Ni swala, anakwenda mashariki, alipita baada ya umande, aina yake nitaijua tukifika kwenye mchanga," mimi ningemfuata huyo wa pili mpaka mchangani.