Montauk 17 au Montauk 170?

Kwa urefu, boti hizi mbili zinapishana kwa sentimita 13 tu. Boston Whaler Montauk 17, iliyopendwa na wavuvi wa Marekani tangu miaka ya 1970, ina mita 5.05. Montauk 170, iliyochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina mita 5.18. Zote zina usukani katikati, mvuvi apate kuzunguka na mshipi wake.

Ziweke kwenye mizani uone tofauti. Bila mashine, ya zamani ina takriban kilo 430. Mpya ina kilo 635 hivi, na upana umeongezeka kutoka mita 1.88 hadi 2.08.

Jambo kubwa zaidi liko chini ya maji. Montauk ya zamani inafuata umbo la Boston Whaler ya kwanza ya mwaka 1958, kazi ya Dick Fisher na mchoraji Ray Hunt: mkuku katikati, na mwingine kila ubavu. Boti ikisimama haiyumbi, hata wavuvi wawili wakiinamia upande mmoja kupandisha samaki. Ni nyepesi, hivyo mashine ndogo huitosha. Lakini upepo ukikaza, tumbo lake bapa hugonga mawimbi badala ya kuyakata, na mgongo wa nahodha huumia.

Dawa ya hilo Hunt mwenyewe aliionyesha. Mwaka 1960, boti Moppie aliyoichora, yenye tumbo la V lililochongoka, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau bahari ikiwa imechafuka. Montauk 170 imechukua V ya wastani. Uzito huituliza juu ya mawimbi, na upana hufidia uthabiti unaopungua. Gharama yake ni mafuta zaidi, na gari lenye nguvu la kuvuta trela.

Kwa Buzzards Bay, Massachusetts, ambako upepo wa alasiri za kiangazi huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, 170 ndiyo ya kuchukua. Kwa mito na ghuba zilizokingwa, ya zamani bado ni bora.

Ila anayenunua ya zamani awe makini. Povu lililojazwa ndani ya faiba huizuia kuzama. Mwaka 1961 boti ilikatwa vipande viwili Fisher akiwa ndani yake, mbele ya kamera za jarida la Life, na ikaendelea kuelea. Hata hivyo, maji yakipenya kwa miaka kwenye matundu ya skrubu, povu hulowa na boti huwa nzito. Ipime kwenye mizani kabla hujalipa.